Mali Iliyoitwa Irudi: Hukumu ya Kurudishiwa Thamani ya Kitu Chenye Ila

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyewahalalishia waja wake biashara na akawaharimishia hadaa. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, aliyejulikana sokoni kwa uaminifu kabla ya kupewa Utume, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kwamba wako watu wanaochunga tohara ya nguo zao, hata tone moja la najisi likawanyima raha, nao hao hao hula mali ya wenzao bila ya kuuliza imewajiaje. Na mali ya haramu haioshwi kwa maji. Husafika kwa kurejeshewa mwenyewe, au kwa mwenyewe kusamehe.

Katika miji ya Masasi na Newala na vijiji vyao, zamani mtu alinunua kitu kwa kukishika mkononi, akakigeuza, akakigonga, akamtazama muuzaji usoni. Leo mwenye mikorosho akipokea fedha zake kutoka chama cha msingi, aweza kukaa barazani kwake Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akanunua simu au pampu ya kupulizia dawa kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam, au gari kwa muuzaji aliyeko Japani. Hamwoni uso wala hauoni mzigo, huona picha tu. Fedha huenda kwa simu, na mzigo huja kwa basi.

Kisha baada ya miezi huja habari ya kwamba mtengenezaji wa kitu kile ametangaza kirudi, kwa kuwa kimetoka kiwandani na ila ya hatari. Hapo huzuka maswali matatu. Je, mnunuzi ana haki ya kurudishiwa thamani yake? Amdai nani? Na kile kitu kilichomo mkononi mwake akifanyeje?

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung ya Korea ilizitangazia zirudi simu zake za Galaxy Note 7, kiasi cha milioni 2.5, kwa kuwa betri zake zilikuwa zikiwaka moto. Zilizotolewa badala yake nazo zikawaka, mpaka kampuni ikaacha kuzitengeneza kabisa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Na kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa ya kuwakinga watu ndani ya magari, na kemikali iliyomo ikawa huharibika kwa kukaa miaka katika joto na unyevu. Mfuko ukifumuka, chuma chake huweza kupasuka kikamrukia dereva mfano wa risasi ya bunduki. Magari ya makumi ya mamilioni yaliitwa ulimwenguni kwa ajili hiyo, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Magari yaliyotumika Japani ndiyo yanayonunuliwa kwa wingi katika nchi hizi kwa njia ya mtandao, na joto na unyevu ndio hali ya hewa ya pwani. Basi mwenye akili na alitafakari hilo.

FASILI YA KWANZA: ILA IPI HUMPA MNUNUZI HAKI

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaji ya kwamba ila inayorudisha kitu ni kila upungufu wa kitu au wa thamani yake unaomkosesha mnunuzi kusudio lililo sahihi, pale ambapo ada ya vitu vya jinsi ile ni kusalimika nao. Na sharti yake ni iwe ilikuwako kabla mnunuzi hajakipokea kitu. Betri iwakayo moto, na dawa ya mikorosho isiyo na nguvu iliyoandikwa juu ya mfuko wake, na mfuko wa hewa unaoua badala ya kuokoa, hizi ni ila pasina shaka.

Na hapa ipo faida kubwa ya mwito wa mtengenezaji. Kanuni ya fikihi ni kwamba muuzaji na mnunuzi wakihitilafiana, mmoja akasema ila ni ya tangu asili, na wa pili akasema imezuka mkononi mwako, husadikiwa muuzaji kwa kiapo chake, kwa kuwa asili ya akidi ni kuthubutu. Wanunuzi wangapi wameshindwa, si kwa kukosa haki bali kwa kukosa ushahidi! Lakini mtengenezaji mwenyewe akikiri mbele ya walimwengu ya kwamba vitu vya namba kadha mpaka namba kadha vilitoka kiwandani na ila, basi bayana imesimama, na kiapo cha muuzaji hakina pa kushika.

Kwa hivyo mnunuzi asitupe risiti, wala sanduku lenye namba ya kitu, wala asifute ujumbe wa malipo uliomo katika simu yake. Hao ndio mashahidi wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, katika Suratil-Bakara, imekuja kwa habari ya kuandika deni na kushuhudisha watu wakati wa kuuziana. Asiyeandika huilaumu dunia, na lawama ni zake.

FASILI YA PILI: KITU KILICHOONWA NA KITU KILICHOSIFIWA

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hakukiona. Lakini yasihi kuuza kitu kwa sifa katika dhima ya muuzaji, nayo ndiyo salamu, ambamo sifa hubainishwa na thamani hutangulizwa. Mauzo mengi ya mtandao, anayeyatazama vyema huyaona yako karibu na mlango huu, kwa kuwa mnunuzi hakuchagua simu hii au ile iliyomo ghalani, bali amenunua simu ya sifa kadha wa kadha.

Na hukumu za milango hii miwili hazifanani. Aliyenunua kitu maalumu, kama gari hili hili lenye namba hii, akakikuta na ila, ana khiyari ya kuivunja akidi na kurudishiwa thamani yake. Aliyenunua kwa sifa akaletewa chenye ila, haki yake ya kwanza ni kukirudisha na kuletewa kingine kilicho kizima, kwa kuwa dhima ya muuzaji bado haijaepukana na deni.

Akiuliza muulizaji: Je, kikiwa jinsi yote ya kitu kile imeitwa, wala hakipatikani kizima popote? Hujibiwa ya kwamba wanavyuoni wamekwisha kuisemea hali hiyo. Kitu cha salamu kikikatika kisipatikane wakati wake, mnunuzi hukhiyarishwa baina ya kungoja mpaka kipatikane na kuivunja akidi akachukua mali yake aliyoitanguliza. Basi mwenye simu ambayo kiwanda kimeacha kuitengeneza halazimiki kupokea simu ya jinsi nyingine asiyoitaka. Akiridhia, ni sawa. Akikataa, fedha zake ni haki yake.

Ama ila ikiondoka kabla hajarudisha, kama mwenye gari aliyebadilishiwa mfuko wa hewa bila ya malipo, na ikaondoka kweli, basi haki ya kurudisha huondoka pamoja nayo. Khiyari imewekwa kuondoa madhara, wala haikuwekwa iwe mtego wa kumtesa muuzaji.

FASILI YA TATU: KUFANYA HARAKA NA KUACHA KUTUMIA

Haki ya kurudisha kitu maalumu kwa ila ni ya papo hapo. Wanavyuoni wamebainisha udhuru: akiwa katika sala hungoja amalize, akiwa anakula hungoja amalize, na akipata habari usiku hungoja mpaka asubuhi. Tazameni jinsi walivyoupima udhuru kwa saa, wasiupime kwa miezi. Na katika kitu cha sifa, ingawa mlango wake una wasaa, haraka ndiyo yenye salama.

Na pamoja na haraka, sharti aache kukitumia. Wamesema ya kwamba aliyemtumikisha mnyama baada ya kuijua ila yake, au akamwachia tandiko mgongoni, haki yake imeanguka, kwa kuwa kutumia ni dalili ya kuridhika. Basi aliyesikia ya kwamba pikipiki yake imeitwa, akasema ngoja nimalize nayo msimu wa korosho ndipo niidai fedha, huyo ameiuza haki yake kwa faida ya miezi miwili. Na ikiwa hatari yenyewe ni ya roho, ameongeza dhambi juu ya hasara, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekataza watu wasijitupe katika maangamizo kwa mikono yao.

Ama manufaa aliyoyapata kabla hajajua ni yake, wala hadaiwi ujira wa kutumia. Hivyo ndivyo ilivyothubutu katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, ya kwamba manufaa humfuata mwenye kubeba dhamana, kwa kuwa kama kitu kingalipotea katika siku zile hasara ingalikuwa yake.

Na mtu asiseme, muuzaji yuko mbali. Safari ya kutoka Newala mpaka Dar es Salaam ni ndefu, lakini aliyeweza kununua kwa simu usiku mmoja aweza kutoa habari kwa simu asubuhi yake. Na aandike ujumbe utakaobaki, wala asitosheke na maneno ya mdomo.

FASILI YA NNE: AMDAI NANI

Anayedaiwa ni muuzaji. Kutojua kwake ya kwamba kitu kina ila humwondolea dhambi, wala hakumwondolei dhamana. Mwenye duka wa Masasi aliyenunua kwa jumla Dar es Salaam akauza rejareja hawezi kumwambia mnunuzi wake, nenda ukamtafute mwenye kiwanda. Yeye amrudishie mnunuzi wake, naye amdai aliyemuuzia, na kila mmoja apande ngazi yake. Na kitu kikiuzwa kwa mkono wa wakala, mnunuzi aweza kumrudishia wakala au mwenye mali. Kwa hiyo mwenye soko la mtandao akiwa ndiye aliyeuza kwa wakala na akapokea thamani, hana njia ya kujivua. Ama akiwa amekodisha meza tu, mfano wa mwenye uwanja wa gulio, dai liko juu ya muuzaji, na juu ya mwenye gulio ni kumtaja muuzaji wala asimfiche.

Na wauzaji wengi huandika, kitu kikiuzwa hakirudishwi. Hukumu ya sharti hii imo katika vitabu. Muuzaji akishurutiza kujitoa katika ila zote, kauli yenye nguvu ni kwamba humfaa katika ila ya ndani ya mnyama asiyoijua, kwa kuwa mnyama hula na hali yake hugeuka bila ya kuonekana, wala haimfai katika mengine. Simu haili majani, na gari halina tumbo la kufichika maradhi. Sharti iliyobandikwa juu ya risiti hailifuti dai la mwenye haki.

Muuzaji akighibu au akikaidi, fikihi imeamrisha mnunuzi ashuhudishe watu ya kwamba ameivunja akidi, na alipeleke jambo kwa hakimu. Na katika Tanzania hayo yana milango yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo isimamiayo. Shirika la Viwango, TBS, huangalia ubora wa bidhaa, na tangu mwaka 2019 limekabidhiwa chakula na vipodozi pia, na dawa za binadamu na vifaa tiba viko kwa TMDA. Viuatilifu vya mashamba, zikiwamo dawa za mikorosho, viko chini ya mamlaka iliyowekwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Na mauzo ya mtandao yana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, yenye sehemu ya kumlinda mlaji. Kudai haki kwa njia hizi si ugomvi wala si ukosefu wa subira. Subira imesifiwa juu ya mitihani, haikuamrishwa ili mdhalimu astarehe.

FASILI YA TANO: KITU KILICHOKWISHA NA GHARAMA ZA NJIA

Dawa ya mikorosho ikiwa imekwisha kupuliziwa ndipo ila yake ikajulikana, hakuna cha kurudisha. Hapo haki ya mnunuzi ni ya fidia, iitwayo arshi. Hutazamwa kitu kile kingekuwa na kima gani kikiwa kizima na kima gani kikiwa na ila, na kwa kadiri ya tofauti ile hurudishiwa sehemu ya thamani aliyoitoa. Na kikizuka kwake kasoro kipya, kama simu iliyoanguka ikapasuka kioo, hawezi kumlazimisha muuzaji kuipokea kama ilivyo. Waelewane: ama muuzaji aridhie kuipokea hivyo, ama mmoja wao amlipe mwenziwe kadiri ya upungufu. Wala asiifiche ile nyufa, kwa kuwa aliyelalamika kudanganywa hawi na ruhusa ya kudanganya.

Lakini kasoro ambayo ila haingaliweza kujulikana bila yake haimdhuru. Wametoa mfano wa nazi: haijulikani kuoza kwake mpaka ivunjwe, na aliyeivunja akaikuta imeoza huirudisha wala hadaiwi fidia ya kuivunja. Basi aliyefungua sanduku na kuchana karatasi zake ili akijaribu kitu asiambiwe, umeshafungua, hakirudi.

Ama nauli ya kurudisha mzigo, wanavyuoni wameiweka juu ya mnunuzi, kwa kuwa kitu baada ya akidi kuvunjika kimo katika dhamana yake mpaka kimfikie mwenyewe. Isipokuwa mtengenezaji au muuzaji ameahidi kuibeba, kama wafanyavyo wengi wanapoita bidhaa zao. Basi mnunuzi aulize kabla hajalipa, wala asijipe haki isiyokuwa yake.

FASILI YA SITA: DHAMBI YA KUKIUZA KWA ASIYESIKIA

Na hili ndilo lililo zito kuliko yote yaliyotangulia. Mtu husikia ya kwamba kitu chake kimeitwa. Huona kudai ni taabu: kuandika, kungoja, kulipa nauli, kubishana na asiyemjua. Shetani humjia kwa njia fupi, akamwambia, jirani yako hana habari, mwuzie kwa bei ya rehema. Basi humpelekea katika gulio, au humpa mjomba wake wa kijijini, naye huyo hulala na simu kichwani, au hupakia watoto wake ndani ya gari lile.

Mtu huyu alikuwa amedhulumiwa, akajifanya dhalimu. Alikuwa na dai mbele ya Mwenyezi Mungu, sasa ana deni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye lundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata majimaji. Alipouliza, mwenye chakula akajibu ya kuwa kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza mbona hakuyaweka juu watu wakayaona, kisha akabainisha ya kwamba mwenye kughushi si katika wao. Tazameni: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa ni kuweka kikavu juu na kibichi chini. Na ila ya kiwanda si kosa la mnunuzi, kosa lake huanza pale anapoificha.

Wala wajibu hauishii kwa muuzaji. Wanavyuoni wamesema ya kwamba hata asiyehusika na akidi, akiijua ila, imempasa kumjulisha mnunuzi. Basi aliyesikia tangazo katika redio au akalisoma katika simu yake, na katika kijiji chake wako wasiosoma na wasio na redio, alifikishe msikitini baada ya sala, na sokoni, na katika mkutano wa chama cha msingi. Neno moja laweza kuokoa nyumba isiungue.

KHATIMA

Na watu wa Masasi na Newala wasidhani ya kwamba wao daima ni upande wa wanunuzi. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi wa mbali hutoa bei juu ya korosho asizozishika, akitegemea daraja iliyoandikwa. Yaani mkulima wa Newala sasa naye ni muuzaji wa mtandaoni, na yule mgeni ndiye aliyekaa mahali pa mwenye simu mbovu. Na katika msimu wa 2017/2018 iliwafika watu aibu ya kusikia ya kwamba katika magunia ya korosho yaliyofika Vietnam kutoka Tanzania zilikutwa kokoto. Aliyetia kokoto ile huenda alifurahia uzito wake siku ile katika mizani ya duniani. Iko mizani nyingine, na kokoto ile ile itatiwa humo.

Basi mwenye kudai thamani yake irudi kwa ajili ya ila, na adai, kwa kuwa ni haki yake. Lakini na awe tayari kurudisha kwa haki ile ile siku atakayodaiwa yeye. Imepokewa kwa Hakimu bin Hizamu ya kwamba wauziano wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa mauzo yao, na wakificha na wakasema uongo, baraka hufutwa. Na imepokewa ya kwamba mwenye kumkubalia Mwislamu mwenziwe kuvunja mauzo aliyoyajutia, Mwenyezi Mungu atamwondolea kujikwaa kwake Siku ya Kiyama. Ikiwa haya ni malipo ya aliyemrudishia mwenziwe pasina ila, seuze aliyerudisha panapo ila, na seuze aliyerudisha bila ya kungojea kuburutwa mbele ya hakimu!

Ewe Mola, tubariki katika mizani zetu na mikono yetu. Utuoneshe haki tuifuate, na utuoneshe batili tuiepuke. Uwape wauzaji wetu ukweli, na wanunuzi wetu insafu, na usitujaalie kuwa wenye kula mali ya watu hali ya kuwa tunajua. Amin.

Wallahu aalamu bis-sawabu.